Mtu anahudhuria mkutano wa kuacha pombe mara moja, kisha haonekani tena. Tatizo liko wapi?

#1 Kipanga Mweusi
Habari za wakati huu wadau.

Swali moja linajirudia kwa kila anayeshughulika na watu wanaotaka kuacha pombe. Mtu anatafutiwa kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe), anaelekezwa mpaka mlangoni, anaingia. Wiki ya pili haonekani. Ukimuuliza anasema "pale sikuona cha kwangu".

Dai langu: wengi walipelekwa kwenye mkutano usiowafaa, na aliyewapeleka hakujua kwamba mikutano ina aina. Kuna ya wazi, ambayo hata ndugu au mwanafunzi wa uuguzi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Kuna iliyofungwa, ya wenye tatizo la pombe au wanaohisi wanalo. Humo ndani tena kuna mkutano wa msemaji mmoja anayeeleza safari yake, wa majadiliano, wa kusoma kitabu, wa kuchambua moja moja zile Hatua 12 ambazo wanachama wa AA huzifuata ili kuacha pombe, na wa wageni. Mgeni akiangukia jioni ambayo kikundi kiko kwenye Hatua ya Nne, ile ya kujikagua kimaandishi, atatoka hajui kilichoendelea. Huyohuyo akianza na mkutano wa wazi wa msemaji, huenda akasikia maisha yake yakisimuliwa na mtu asiyemjua. Hapo anakuwa na sababu ya kurudi.

Mnaonaje?

#2 Nesi wa Zamu
Mwili unatangulia, aina ya mkutano inafuata.

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku anaambiwa "nenda ukiwa safi". Anakata ghafla asubuhi ili jioni aende. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya kunywa kwa mara ya mwisho. Degedege hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka, kuona visivyokuwepo na homa huja siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo inaua isipotibiwa. Sasa mtu wa namna hiyo umemkalisha kwenye kiti dakika 60 asikilize wengine. Hawezi. Atakachokumbuka ni jasho na aibu ya mikono.

Anayezimua kila asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege, au aliyewahi kuweweseka baada ya kukata pombe: hospitali kwanza. Huko atapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Kikundi hakina uwezo huo.

Na kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: aliyekunywa siku hiyo hafukuzwi. Vikundi vingi humwomba asikilize tu, asizungumze, lakini akae. Wengi wanasubiri mpaka wawe safi ndipo waende, na siku hiyo haifiki.

#3 Jongoo45
Asante dada nesi. Naomba kuuliza la chini kabisa. Anayetaka kwenda leo, hajui mtu yeyote, anaanzia wapi kutafuta? Maana wengi tunasema "tafuta kikundi" kana kwamba vina mabango barabarani.

#4 Ngazi12
Jongoo, twende polepole.

AA wana programu ya simu inaitwa Meeting Guide. Inasoma mahali ulipo na kukuonyesha mikutano iliyo karibu, siku, saa na aina. Pili, maeneo mengi yana ofisi ya huduma ya AA yenye tovuti au namba ya simu, na anayepokea mara nyingi ni mwanachama anayejitolea. Tatu, uliza hospitali zenye kitengo cha afya ya akili na nyumba za upataji nafuu. Wao wanajua kikundi kipi kiko hai na kipi kimebaki jina.

Kwenye orodha utakuta herufi. O ni wazi, C umefungwa. Hizo mbili zisome kabla ya yote, hasa kama unakwenda na mtu wa kukusindikiza.

Kinachoharibika sana ni orodha ya zamani. Kikundi kimehama jengo, au kimebadili saa, orodha haijaguswa. Au mkutano ni "Jumatatu ya kwanza ya mwezi" mtu akasoma "Jumatatu". Au jengo ni sahihi ila lango la mbele linafungwa jioni na watu hupitia nyuma. Mtu aliyekusanya ujasiri wiki nzima akikuta kufuli, ameshaondoka, na hutampata tena. Kwa hiyo piga simu siku moja kabla, uulize: mkutano bado upo? Wazi au umefungwa? Lugha gani? Mlango upi? Nani atakuwa mlangoni? Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote.

Fika dakika 15 kabla, na usiondoke kabla ya dakika 15 baada ya kufunga. Nikirudi kwenye dai la Kipanga: anayeingia sala ya kufungua ikisomwa na kutoka ya kufunga ikiisha hajakutana na mtu. Amesikiliza hotuba. Mimi naona hapo ndipo tunawapoteza, iwe mkutano wa aina yoyote.

#5 Tumbawe
Wote mnazunguka. Watu hawarudi kwa sababu ya dini. AA ilianzishwa na kanisa mwaka 1939, Hatua zimejaa Mungu, mwisho watu wanashikana mikono wanasali. Mwenye imani tofauti au asiye na imani anajiona amevamia ibada ya watu.

Na njia nyingine zipo. SMART Recovery, inayotumia jina hilo tangu 1994, haina Hatua wala sala. Inatumia mbinu za kisaikolojia: kujijengea hamasa, kukabili hamu ya pombe, kushughulikia mawazo na hisia, kuweka mizani ya maisha. Anayeongoza amepata mafunzo na si lazima awe aliwahi kuwa mlevi. Mnajibizana na kuulizana, jambo ambalo vikundi vingi vya AA haviruhusu. Kuna Women for Sobriety ya wanawake peke yao, iliyoanza Marekani miaka ya 1970. Kuna Recovery Dharma inayofuata mafundisho ya Kibuddha. Kwa nini kila anayetaka kuacha pombe aelekezwe AA tu?

#6 Ngazi12
Tumbawe, hoja yako ina uzito, ila tarehe turekebishe. AA inahesabu kuanza kwake Juni 1935, mjini Akron, Ohio, kupitia watu wawili: Bill Wilson, dalali wa hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Mwaka 1939 ndipo kitabu chao kilipochapishwa. Hakuna kanisa lililoianzisha. Ni kweli waasisi walitokea kwenye harakati ya Kikristo iliyoitwa Oxford Group, na lugha ya Hatua ina alama za huko, lakini walijitenga nayo mapema.

Hatua ya Tatu inasema Mungu "kama tulivyomwelewa". Na Desturi ya Tatu, moja ya kanuni 12 za kuendesha vikundi vya AA, inasema sharti la uanachama ni moja tu: hamu ya kuacha kunywa. Asiyesali anaweza kusimama kimya wenzake wakisali. Pia kuna vikundi vya AA visivyotumia sala kabisa.

#7 Tumbawe
Kwenye karatasi, sawa. Mgeni hasomi Desturi ya Tatu akiwa mlangoni. Anasikia anachosikia.

#8 Shangazi Taji
Basi aambiwe mapema atakachosikia, hapo ndipo mzigo unapungua. Wanangu, mgeni haogopi pombe siku ile, anaogopa kutojua kinachofuata. Mpangilio wa kawaida ni huu.

Kiongozi anafungua kwa kusoma utangulizi unaoeleza AA ni nini. Wengine wanasoma Hatua 12, au sehemu ya kitabu. Kisha inaulizwa kama kuna mgeni. Anaweza kutaja jina lake la kwanza, au jina lolote, au akanyamaza. Hakuna daftari la wanachama, hakuna kitambulisho, hakuna ada. Baadaye watu wanazungumza kwa zamu, mara nyingi dakika 3 hadi 5 kila mmoja. Mwingine anapozungumza hukatizi, hujibu, humshauri, hata kama unajua dawa ya shida yake. Zamu ikikufikia sema tu: "Leo nitasikiliza, asanteni." Inatosha, na hakuna atakayekukodolea macho.

Kapu la mchango linapita, mgeni hatarajiwi kuweka kitu. Pesa hiyo ni ya kodi ya chumba na vitabu, kwa sababu kikundi hakipokei fedha kutoka nje. Vikundi vingi vinatoa sarafu ya kumbukumbu au kishikizo kwa aliyeanza leo, aliyefikisha mwezi, miezi mitatu, na kuendelea. Wanafunga kwa sala au tamko. Jumla dakika 60, pengine 90.

Mwambie mtu haya yote njiani. Akiyajua, hata sala haitamshtua.

#9 Jongoo45
Shangazi, na akikutana na mtu anayemfahamu? Bosi wake, kwa mfano?

#10 Shangazi Taji
Bosi naye kaja kwa shida ileile. Wote wawili wamefungwa na sharti moja: ulichosikia humo hakitoki, na uliyemwona humo hujamwona. Ila tusidanganyane, usiri huo unategemea heshima ya watu, hakuna sheria inayomwadhibu anayevunja. Anayeishi sehemu ndogo yenye kikundi kimoja ana haki ya kuwa na wasiwasi. Huyo aanze na mikutano ya mtandaoni, au ya mji wa jirani.

#11 Fundi Mizani
Nimewasoma. Naweka ushahidi mezani.

Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba, lilitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kwamba AA, pamoja na tiba zinazomwandaa mtu kuingia AA kwa utaratibu maalumu, inafanya vizuri angalau sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na kwa kipimo cha kuacha kabisa mfululizo ilikuwa mbele. Tumbawe, hilo halimaanishi SMART haifai. Maana yake ni kwamba AA imepimwa zaidi.

Lakini angalieni maneno "kwa utaratibu maalumu". Kuna utafiti mdogo wa Marekani wa 1981, watu 20. Nusu walipewa maelezo na kuhimizwa kwenda. Nusu nyingine, mshauri alimpigia simu mwanachama wa kikundi palepale mbele ya mteja, wakaongea, wakapanga kwenda pamoja. Kundi la kwanza hakuna aliyekwenda. La pili walikwenda wote. Watu 20 ni wachache, sitaki mtu ajenge nyumba juu yake. Hata hivyo inanifanya niamini tatizo linaanza kabla ya mkutano: tunatoa anwani badala ya kumkabidhi mtu kwa mtu.

#12 Kipanga Mweusi
Fundi, utafiti huo unahusu kwenda, mimi nauliza kurudi. Anayekabidhiwa mkononi naye hupotea wiki ya tatu.

#13 Mshumaa
Wiki ya tatu wanapotea kwa sababu wamekunywa. Sishangai hakuna aliyeligusa.

Mtu amepewa sarafu ya siku ya kwanza, watu wamempigia makofi. Siku ya 16 anateleza. Sasa ili arudi itabidi anyanyue mkono tena mbele ya walewale, achukue sarafu ileile. Anaona bora akae nyumbani. Kuhesabu siku kunamtia nguvu anayesonga mbele na kunamfungia mlango aliyeanguka. Hata jina la SMART halihitajiki hapa, ni kikundi tu kutotangaza siku za mtu bila yeye kutaka.

#14 Ngazi12
Hapana Mshumaa. Hesabu ya siku ndiyo inayomsimamisha mtu saa tano usiku akiwa na hamu. Kuiondoa kwa ajili ya aibu ni kuwanyima wengine. Kinachotakiwa ni awepo mtu wa kumpigia simu asubuhi ya pili baada ya kuteleza, amwambie njoo leo, kaa nami, sarafu tutaangalia baadaye.

#15 Mshumaa
Na huyo mtu yuko wapi? Kwenye vikundi vingapi kuna anayeona kiti kitupu akapiga simu? Wanasema "mlango uko wazi" wanaishia hapo.

#16 Jongoo45
Hapo ndipo mdhamini anaingia au? Anapatikanaje? Na zile "mikutano 90 ndani ya siku 90" ni sharti?

#17 Ngazi12
Jongoo una miguu mingi na maswali yako yanalingana nayo. Endelea tu.

90 kwa 90 ni ushauri wa mdomo kwa mdomo, haumo kwenye Hatua wala Desturi. Mantiki yake ni kujaza zile saa ambazo mtu alizoea kunywa, kila siku, katika miezi mitatu ya mwanzo iliyo hatari. Mahali penye mkutano mmoja kwa wiki haiwezekani bila mtandao, na kumkaririsha mtu lengo asiloweza kulifikia ni kumwandalia sababu ya kukata tamaa. Mikutano mitatu kwa wiki anayoweza kuishika ni afadhali.

Mdhamini mwachie shangazi.

#18 Shangazi Taji
Mdhamini ni mwanachama aliyekwishazipita Hatua na anakuongoza kuzipita. Hateuliwi na kikundi, unamwomba mwenyewe. Sikiliza mikutano kadhaa, mtafute ambaye anasema mambo ya vitendo na maisha yake yanaonekana kutulia. Wengi wanapendekeza awe na angalau mwaka mmoja bila pombe. Muulize mambo matatu: anapokea simu saa ngapi, anategemea umpigie mara ngapi, na yeye ana mdhamini? Asiye na mdhamini wake, mpite. Unaweza kuomba wa muda kwa mwezi mmoja wakati unatafuta, na kumbadilisha si kosa.

Awe wa jinsia yako, au mtu ambaye hakuna hatari ya mapenzi kati yenu. Hili nalisema kwa uchungu. Katika vikundi kuna watu wazoefu wanaowavizia wageni wanapokuwa dhaifu, wanawake vijana hasa. Mgeni wa kike akifuatwafuatwa, amwambie katibu wa kikundi, na akiona hakuna kinachofanyika ahame kikundi siku hiyohiyo. Wengine wanapotea kwa sababu hii na hawasemi, kisha sisi tunaandika kwamba "hawakuwa tayari".

Mdhamini hakopeshi, hakopi, haamui ndoa yako, na si daktari.

Kabla hujampata, omba namba za simu tatu kabla ya kutoka. Piga moja kesho yake ukiwa mzima, kwa salamu tu. Asiyepiga akiwa mzima hatapiga akiwa na hamu ya pombe, simu itakuwa nzito mkononi.

#19 Nesi wa Zamu
Hapo kwenye "si daktari" nashukuru shangazi. Kuna wagonjwa wanaambiwa kikundini waache dawa za sonona au za kifafa "ili wawe safi kweli". Huo si msimamo wa AA. Wana kijitabu chao kinachosema mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege la kumuua.

Dawa za pombe zenyewe zinatumika sambamba na mikutano bila tatizo. Disulfiram haianzwi kabla ya saa 12 tangu kunywa kwa mwisho, na anayeitumia akinywa pombe anapata uso kuwaka, kutapika, presha kushuka. Hatari hiyo inaweza kubaki hadi siku 14 baada ya kumeza kidonge cha mwisho. Naltrexone, ya kupunguza hamu ya pombe, hapewi anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Mgonjwa si lazima atangaze kikundini anameza nini. Amwambie daktari kila kitu, kikundi akiambie anachotaka.

#20 Kipanga Mweusi
Kuna kundi hatujaligusa: waliolazimishwa. Mahakama au mwajiri anataka karatasi ya mahudhurio. Karatasi apewe katibu kabla ya mkutano kuanza, irudishwe mwishoni, sahihi inathibitisha kwamba alikuwepo na si zaidi. Baadhi ya vikundi havisaini kabisa, kwa hiyo uliza kwenye ile simu ya siku moja kabla. Wengi wa hawa wanaondoka karatasi ikijaa. Kuwaweka hesabu moja na waliokuja kwa hiari kunatuchanganya tunaposema "hawarudi".

#21 Bibi Nyuki
Samahani kuingilia. Mke anayemsindikiza mumewe akiambiwa mkutano umefungwa, akae wapi?

#22 Tumbawe
Hapo nina jibu, dada. Al-Anon, vikundi vya ndugu wa wanywaji, vilivyoanza 1951. Mmoja wa waasisi ni Lois, mke wa Bill Wilson aliyetajwa juu. Kwa watoto wa umri wa ujana kuna Alateen tangu 1957. Sehemu nyingine vinakutana saa ileile jengo lilelile, chumba cha pili. Mmoja wao akiacha kwenda, yule wa pili anaendelea. Na kwa mume au mke, kwenda kwake hakumhitaji mnywaji awe ameacha. Hata kama hajaacha.

#23 Bibi Nyuki
Ubarikiwe.

#24 Jongoo45
La mwisho, naahidi. Hakuna kikundi kabisa karibu, na mtu anafanya kazi zamu za usiku. Afanye nini?

#25 Fundi Mizani
La mwisho kwa leo, tunakujua.

Mtandaoni mikutano ipo saa zote 24, kwa video au kwa simu ya kawaida, na AA wana orodha maalumu ya hiyo. Mambo ya kuangalia: saa iliyoandikwa ni ya eneo gani, maana watu hufika mkutano ukiwa umeisha zamani. Badili jina linaloonekana kabla ya kuingia, maana simu nyingi huweka jina kamili lenyewe. Zima kipaza sauti. Kamera ikizimwa ni sawa kwa vikundi vingi, vichache vinataka uso uonekane. Tumia spika za masikioni ili sauti za wengine zisisikike nyumbani, huo ndio usiri wao.

Akitaka kikundi cha ana kwa ana, Desturi ya Tatu kwa urefu wake inaruhusu walevi wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe kujiita kikundi cha AA, mradi kikundi hicho kisifungamane na kitu kingine. Wawili tu. Chumba cha kuazima, saa moja isiyobadilika, na taarifa kwa ofisi ya huduma ili kiorodheshwe.

#26 Mshumaa
Na mmoja apewe kazi ya kupiga simu kwa ambao hawakuja.

#27 Ngazi12
Hapo tutabishana tena Mshumaa. Kumfuata mtu nyumbani kwa simu ambaye hakuomba, wengine huona ni kuwindwa na ndipo wanapokimbia moja kwa moja. Aulizwe siku ya kwanza: "Usipoonekana wiki ijayo, unataka tukupigie?" Akisema ndiyo, iandikwe namba na nani atapiga. Akisema hapana, aachwe.

#28 Kipanga Mweusi
Swali hilo la Ngazi nalichukua. Anayeongoza kikundi humu alijaribu lini, na wangapi walijibu ndiyo? Leteni majibu, uzi uko wazi.